Padre wa Milimani na Simu Yake ya Upepo

 Kaeni vizuri. Mwenye daftari na alifungue. Mwalimu naye awe na chaki mkononi, maana leo tutaandika herufi na tarakimu ubaoni.

Naanza kwa kuuliza. Je, umepata kuzungusha kitufe cha redio usiku, upande wa mawimbi mafupi, ukitafuta stesheni, mara ukasikia sauti ya mtu lakini maneno hayajulikani? Ni kwaa, kwaa, kwaa, kama bata aliyefungiwa ndani ya pipa. Watu wengi hudhani redio imeharibika. Wengine huipiga kofi. Redio ya watu haina kosa lo lote. Uliyemsikia ni mtu kama wewe, amekaa nyumbani kwake, anazungumza na mwenziwe aliye nchi ya mbali. Anapeleka sauti yake kwa namna nyingine, na redio yetu ya kawaida haina chombo cha kuifungua sauti ile. Mwenye chombo hicho huyasikia maneno waziwazi.

Watu hao huitwa watu wa redio ya ridhaa. Neno ridhaa linaonyesha kwamba wanafanya kazi hii kwa hiari. Hawalipwi mshahara, na sheria za simu za nchi zote zinawakataza kuuza maneno yao hewani. Si watu wa stesheni ya matangazo kama hii inayosema nanyi sasa. Sisi tunasema nanyi, lakini ninyi hamwezi kutujibu. Wao husema na kujibiwa.

Leo nataka kuwaeleza habari za mmoja wao, aliyeishi mbali na kwetu, katika nchi ya Nepal.

Nepal ni nchi ya milima, kati ya India na Uchina. Mlima Everest, unaopita milima yote duniani kwa urefu, uko mpakani mwake. Kimo chake ni mita 8,849. Kilimanjaro yetu ina mita 5,895. Basi jaribu kufikiri nchi ambayo mlima kama Kilimanjaro ungeonekana wa kawaida tu. Mji mkuu wa Nepal ni Kathmandu, nao uko bondeni, umezungukwa na vilima pande zote. Zamani hapakuwa na barabara ya kuingia bonde lile. Watu walipanda na kushuka kwa miguu. Wakubwa walipotaka motokaa, motokaa ilibebwa na wapagazi mabegani, milima juu na milima chini, mpaka mjini! Barabara ya kwanza ya kuunganisha bonde hilo na India ilikamilika katika miaka ya 1950.

Mtu wetu aliitwa Marshall Moran. Alizaliwa Chicago, Marekani, mwaka wa 1906. Alikuwa padre wa shirika la Wajesuiti, na mwaka wa 1929 alipelekwa India. Huko akawa mwalimu, na mwaka wa 1940 akaanzisha shule katika mji wa Patna. Mwaka wa 1949 alikwenda Kathmandu kusimamia mitihani ya chuo. Wakati huo wageni waliokubaliwa kuingia Nepal walikuwa wachache sana. Nchi ilitawaliwa na mawaziri wakuu wa ukoo mmoja, ukoo wa Rana, na waliojua kusoma walihesabika. Moran aliona vijana waliokuwa na kiu ya elimu. Akaomba ruhusa ya kufungua shule.

Ruhusa ikapatikana, lakini kwa sharti moja: afundishe, asibadilishe dini ya mtu. Sharti hilo si dogo kwa padre. Moran alilikubali. Mwaka wa 1951, mwaka ule ule utawala wa Rana ulipoanguka, shule ikafunguliwa mahali paitwapo Godavari, chini ya mlima Phulchoki, katika jumba la zamani ambalo wakubwa walikuwa wakipumzikia wakati wa joto. Shule hiyo ipo hata leo. Baada ya miaka michache tawi lingine likafunguliwa Jawalakhel, karibu na mji.

Mimi naona shule ile ndiyo kazi yake kubwa, maana imesomesha watu wengi walioshika kazi za nchi ile. Hata hivyo maelfu ya watu duniani walilijua jina lake bila kujua habari za shule hata kidogo. Walimjua kwa herufi na tarakimu tano tu. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni hivi:

9 N 1 M M

Darasa, someni kwa sauti. Tena.

Hilo ni jina la hewani. Kila mtu wa redio ya ridhaa hupewa jina lake na serikali, na hakuna watu wawili duniani wenye jina moja. Mwanzo wa jina huonyesha nchi. 9N ni Nepal. Kwetu Tanzania ni 5H, Kenya ni 5Z, Uganda ni 5X, Rwanda ni 9X, Burundi ni 9U, Kongo ya Kinshasa ni 9Q. Wazee waliokuwa na kazi hii wakati wa utawala wa Waingereza walikuwa na majina mengine: Tanganyika ilikuwa VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5, na Unguja VQ1. Herufi za mwisho ni za mtu mwenyewe. M M ni Marshall Moran.

Padre huyu alianza kusema hewani kutoka Nepal katika miaka ya 1960, na kwa muda mrefu alikuwa peke yake. Nchi nzima mtu mmoja! Kuna jambo hapa linalotaka maelezo. Watu wa redio ya ridhaa wana mashindano yao. Kila mmoja hutaka kuzungumza na nchi nyingi kadiri awezavyo. Wakishazungumza, hupelekeana kadi kwa posta, kadi yenye jina la hewani, tarehe na saa, iwe ushahidi. Mwenye kadi za nchi 100 anaweza kupata cheti. Sasa kama Nepal ina mtu mmoja tu, basi ye yote anayetaka kadi ya Nepal lazima ampate huyo huyo. Moran akifungua mashine na kusema, "Hapa ni 9N1MM," watu wa Japani, wa Ujerumani, wa Brazil na wa Marekani walimwita wote kwa pamoja, kama kuku waliomwagiwa mtama.

Wengine walitaka kadi tu, na wakishaipata, kwaheri. Siwalaumu sana, kila mchezo una watu wake. Lakini Moran alikuwa mtu wa mazungumzo na masihara. Kwa desturi mtu akitaja herufi hewani huifuatisha na neno ili isisikike vibaya. Neno la M ni Mike. Yeye badala ya kusema Mike, Mike, alijulikana kwa kusema Mickey Mouse, yule panya wa picha za sinema. Watu walicheka, nao hawakumsahau.

Huenda mtu mmoja darasani anauliza: sauti ilifikaje Chicago kutoka bondeni, na milima imezunguka pande zote? Swali zuri. Ukirusha mpira dhidi ya ukuta, unarudi. Juu sana angani, mamia ya kilomita juu ya vichwa vyetu, kuna tabaka la hewa ambalo jua limelitia nguvu za umeme. Mawimbi mafupi ya redio yakipanda huko, hupindwa na kurudishwa chini, mbali na yalikotoka. Yakigusa bahari au nchi, hupanda tena. Kwa hiyo mawimbi huruka-ruka kama jiwe bapa unalolirusha juu ya maji ya ziwa. Mwendo wake ni kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka Kathmandu mpaka Chicago haitimii hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Chombo cha kuyarusha si cha ajabu. Kwa wimbi la mita 20, ambalo hupendwa sana kwa safari ndefu, waya wa shaba wenye urefu wa mita 10 unatosha, ukifungwa juu baina ya miti miwili na kulishwa katikati.

Lakini angalia jambo moja la ajabu. Kwa kuwa wimbi linaruka, hupita juu ya vichwa vya walio karibu. Jirani hasikii, wa mbali anasikia. Jambo hili liliwahi kuokoa watu, nami nitaliacha bonde la Nepal kidogo niwasimulie.

Mwaka wa 1928, tarehe 25 Mei, chombo cha angani cha Waitaliani kilichoitwa Italia, aina ya puto kubwa lenye mashine, kilianguka juu ya barafu karibu na Ncha ya Kaskazini ya dunia. Mkubwa wao alikuwa Umberto Nobile. Watu kadhaa walitupwa juu ya barafu pamoja na mashine ndogo ya redio. Fundi wao, Giuseppe Biagi, akasimamisha mlingoti, akaanza kupiga ishara za kuomba msaada. Alipiga siku nyingi. Meli yao ilikuwa ikiwangoja katika visiwa vya karibu, safari isiyotimia kilomita 500, lakini haikupata habari. Tarehe 3 Juni, kijana mmoja wa kijiji cha Urusi, Nikolai Schmidt, alikuwa nyumbani na redio aliyoiunda mwenyewe kwa mikono yake. Alikuwa mbali zaidi ya kilomita 2,000. Akasikia ishara hafifu, zimekatika-katika. Akaandika herufi moja moja alizozipata: Italia, Nobile, SOS. Akapeleka simu Moscow. Hapo dunia ikajua kwamba kuna watu wazima juu ya barafu.

Mnorwe mashuhuri Roald Amundsen alitoka kwenda kuwatafuta, na ndege yake ikapotea na wote waliokuwemo. Nobile alichukuliwa kwa ndege mwezi wa Juni. Waliobaki walifikiwa na meli ya Urusi ya kuvunjia barafu, Krasin, tarehe 12 Julai. Walioponea walikuwa 8. Ningependa kuwaambia kwamba Schmidt aliishi kwa heshima mpaka uzeeni. Hakuishi hivyo. Wakati wa vita kuu ya pili alikamatwa na serikali ya nchi yake, akauawa mwaka wa 1942. Mwaka wa 1984 ndipo ilipotangazwa kwamba hakuwa na hatia.

Sasa turudi Nepal.

Mwaka wa 1953 Everest ilipopandwa kwa mara ya kwanza, habari zilitoka kambini kwa tarishi wa miguu mpaka kituo cha simu ya upepo cha Namche, tena kwa maneno ya mafumbo ili watu wa magazeti mengine wasiibe habari. Zilichapishwa London siku nne baadaye, na hapo kila mtu alishangaa kwa upesi wake. Wapanda milima waliofuata walipoanza kuchukua mashine ndogo za redio, walihitaji mtu wa kuwasikiliza. Padre Moran akawa sikio lao. Mtu akivunjika mguu au akipatwa na ugonjwa wa kimo, ule unaojaza maji mapafuni, kambi ilisema, naye akasikiliza, akaandika, akawatafuta wanaohusika mjini: daktari, ubalozi, watu wa ndege. Dawa ikikosekana Kathmandu, aliweza kuitaja hewani, na mtu wa nchi nyingine akaitafuta. Jua likitua Kathmandu, Chicago ndiyo kwanza kunapambazuka, kwa hiyo daima kulikuwa na mtu macho mahali fulani.

Na kazi yake haikuishia kwa wageni wenye kamba na viatu vya misumari. Mwaka wa 1959 watu wengi wa Tibet walikimbia nchi yao, wakavuka milima wakaingia Nepal. Walikuwa na njaa na nguo za baridi, na wengi waliugua kwa sababu hawakuzoea joto la mabonde. Moran alikuwa miongoni mwa walioshika kazi ya kuwasaidia. Karibu na shule yake, pale Jawalakhel, wakimbizi hao walianza kufuma mazulia, na mazulia ya Tibet yakawa biashara kubwa ya Nepal kwa miaka mingi.

Hapa nataka msikilize vizuri, maana linawahusu wanaojifunza kuandika. Mtu akipokea habari hewani hawezi kusema, "Nilisikia kitu kama hivi." Lazima aandike kila neno. Huko Marekani watu wa redio ya ridhaa wana fomu ya kuandikia habari, na juu ya fomu hiyo huandikwa idadi ya maneno. Mpokeaji akimaliza huhesabu. Akipata 14 na fomu inasema 15, basi kuna neno limepotea njiani, nalo ndilo linaweza kuwa neno la maana. Tena mpokeaji husoma yote tangu mwanzo, na mpelekaji husahihisha. Katika Kiswahili chetu tuna maneno yanayofanana sana hewani. Tatu na tano. Nne na nane. Mvua ikinguruma katika redio, nani atajua mgonjwa apewe vidonge vinne au vinane?

Ziko na kanuni za adabu. Watu wa redio ya ridhaa hawazungumzi biashara hewani, na kwa desturi huepuka mabishano ya siasa na ya dini. Hewani hakuna cheo. Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa mmoja wao, jina lake JY1, naye alijitambulisha kwa jina la Hussein tu, kama fundi cherehani wa mtaani. Kwa Moran uangalifu ulihitajiwa zaidi. Mgeni mwenye mashine ya kusema na dunia nzima, katika nchi iliyo mpakani mwa mataifa makubwa mawili, angeweza kushukiwa kwa neno moja tu. Aliendelea miaka kama thelathini bila kupoteza imani ya serikali. Kwa maoni yangu hilo ni gumu kuliko kupata kadi za nchi 100.

Padre Moran alifariki mwaka wa 1992, umri wake miaka 85. Wakati huo wenyeji wa Nepal wenyewe walikuwa wameanza kujifunza kazi hiyo. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko kubwa la nchi likapiga Nepal. Watu karibu 9,000 walikufa. Nyumba za udongo na matofali zilianguka vijiji vizima, na simu za mkononi zikazidiwa au zikanyamaza. Watu wachache wa redio ya ridhaa wa Nepal walifungua mashine zao na kupeleka habari za waliopotea, na wenzao wa India na nchi nyingine wakapokea. Vyombo vyao vilikuwa betri ya gari na waya.

Anayetaka kuingia kazi hii katika nchi zetu lazima apate leseni. Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, na Kenya na nchi nyingine zina mamlaka zao. Zamani kila aliyetaka kutumia mawimbi mafupi ilibidi ajue pia kupiga ishara za Morse, zile za nukta na mistari, lakini mkutano wa mataifa wa mwaka 2003 uliondoa sharti hilo, na sasa kila nchi huamua yenyewe. Mashine mpya ni ghali, siwadanganyi. Wengi huanza kwa kusikiliza tu.

Sasa zoezi la leo. Mwalimu agawe darasa mafungu mawili, wakae kwa kupeana migongo. Fungu la kwanza lichague mtu wa kusoma habari hii, polepole, neno moja moja:

Mgonjwa amefika salama Bagamoyo leo saa nne tuma dawa chupa tatu.

Fungu la pili waandike, kisha wahesabu. Maneno ni 11. Asiyepata 11 aombe arudiwe, wala asione haya. Tena mtu akijua neno ni gumu, alitaje kwa herufi: B kama Baraka, A kama Asha, G kama Gogo. Wakati wa kusoma, watoto walio nje wapige kelele kidogo kama ya mvua, maana huko hewani hakuna kimya.

Walioko kwenye kundi la wapokeaji wasome walichoandika. Tusikie kama chupa zimebaki tatu.

Saa yetu imekwisha. Wiki ijayo tutasoma juu ya barua ya kuomba kazi. Kwaherini.